Nimeizuia, mbona bado inaingia?

Barua za mwezi huu nimezisoma kwa furaha. Wengi mmehamia Linux, na sasa mmefika mahali ambapo kompyuta kila ikiwashwa inapakia kitu msichokitaka, mkikizuia kinarudi. Nimechagua barua za jambo hilo peke yake. Za printa zinasubiri zamu yake.

Kwa aliyeingia leo: keneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi, na moduli ni vipande vyake vinavyopakiwa pale vinapohitajika. Vingi ni draiva za vifaa. Vimekaa kwenye /lib/modules, na programu inayovipakia ni modprobe. Ukitaka kuona vilivyopakiwa sasa hivi, fungua terminali uandike lsmod. Tuanze.

Shikamoo Mama. Nimenunua kile kidude cha USB cha kupokea televisheni, chenye chipu ya RTL2832U, ili nifuatilie meli na boti zinazopita kati ya Dar na Unguja. Natumia Ubuntu. Nikiendesha rtl_test, programu ya kukijaribu, inaniletea usb_claim_interface error -6, na kusema kwamba draiva ya keneli imeshakishika kifaa. Nimeunda faili /etc/modprobe.d/blacklist-rtl, ndani nikaandika blacklist dvb_usb_rtl28xxu, nikazima nikawasha. Hali ni ile ile. Nifanyeje?
*Kijana wa Bagamoyo*

Marahaba, mwanangu. Umefanya karibu kila kitu sawasawa. Kilichokosekana ni nukta na herufi nne mwishoni mwa jina la faili. Ndani ya /etc/modprobe.d, modprobe husoma mafaili yanayoishia na .conf tu. Faili lako lipo, lina maneno sahihi, lakini halijawahi kusomwa. Lipe jina lake kamili:

sudo mv /etc/modprobe.d/blacklist-rtl /etc/modprobe.d/blacklist-rtl.conf

Kisha chomoa kidude, uiondoe draiva iliyomo kwenye kumbukumbu, ndipo ukichomeke tena:

sudo modprobe -r dvb_usb_rtl28xxu

Usiiruke amri hiyo ya pili. Moduli ikishapakiwa, kuiandika kwenye faili hakuiondoi. Itakidaka kidude kila ukikichomeka mpaka uitoe au uwashe kompyuta upya.

Sasa endesha hii, usome kwa utulivu kinachotokea:

modprobe -c | grep rtl28

Utaona mistari mingi inayoanza na alias usb:v0BDAp2838 na mingineyo ya namna hiyo, kila mmoja ukiishia na dvb_usb_rtl28xxu. Katikati yake utafute mstari mmoja mfupi unaosema blacklist dvb_usb_rtl28xxu. Ukiuona, agizo lako limesomwa. Usipouona, usihangaike na kitu kingine chochote mpaka uonekane. Watu wengi huwasha na kuzima kompyuta siku nzima bila kuuliza swali hili dogo, na ndilo la kwanza ninalouliza mashine ikiwekwa mezani kwangu.

Hiyo mistari ya alias inaeleza jambo zima, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kidude chako kina namba mbili za utambulisho: 0bda ya mtengenezaji, Realtek, na 2838 ya aina ya kifaa. Andika lsusb utaziona. Ukikichomeka, keneli inazisoma namba hizo na kuzitangaza. Udev, programu inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa, inazipokea, inatazama katika orodha ya moduli zote ni ipi iliyojiandikisha kuhudumia namba hizo, inaipakia. Hakuna mtu aliyetaja jina la dvb_usb_rtl28xxu. Imepatikana kwa namba. Neno blacklist linakata njia hiyo tu: linasema, moduli hii isitafutwe kwa namba zake. Ni kama kumwambia mlinzi wa getini asimwite fulani kila akisikia kuna kibarua. Mwenye nyumba akimwita fulani kwa jina lake, mlinzi atamfungulia. Ndiyo maana hata sasa ukiandika sudo modprobe dvb_usb_rtl28xxu kwa mkono wako, itapakiwa bila kinyongo, na faili lako lipo palepale.

Kwa kidude chako njia hiyo moja inatosha, kwa sababu hakuna mwingine anayeiita. Wenzako walioandika hapa chini hawakuwa na bahati hiyo.

Kuhusu meli zenyewe, kwa kuwa umenitamanisha: mawimbi unayoyatafuta, ya AIS, yaani mfumo wa meli kujitangaza zilipo, yako kwenye megahezi 161.975 na 162.025. Ule waya mfupi unaouzwa pamoja na kidude haukukatwa kwa masafa hayo. Tafuta waya wa sentimita 46 hivi, ambao ni robo ya urefu wa wimbi, usimamishe wima, uuweke juu kadiri unavyoweza, kwa maana mawimbi haya huenda karibu kama jicho linavyoona, na kila mita unayopanda inakuongezea bahari. Meli za safari za kimataifa zenye GT (kipimo cha ukubwa wa meli) 300 na kuendelea zinalazimika kubeba AIS, hivyo zile za makontena zinazoelekea bandarini Dar utazipata. Ngalawa na mashua za wavuvi usizitarajie. Na ujue kwamba kwenye kompyuta hiyo kidude hakitaonyesha televisheni tena mpaka ufute faili lile.

Dada, salaam kutoka Mwanza. Laptopu yangu ni ya mtumba, imetoka Dubai, ina kadi mbili za picha, ya Intel na ya Nvidia. Nimeweka Debian. Ikiwashwa, mistari inapita kisha skrini inaganda kabla ya kuomba nywila. Mara mojamoja tu ndiyo inafika. Nimeambiwa mkosaji ni nouveau, draiva ya kadi ya Nvidia. Nimeandika blacklist nouveau kwenye faili lenye .conf, modprobe -c inaonyesha mstari upo. Lakini siku ikifika mpaka mwisho, lsmod inaonyesha nouveau imo!
*Msomaji wa Mwanza*

Salaam, kaka. Hapa faili limesomwa, lakini limesomwa kwa kuchelewa.

Kompyuta ikiwashwa, keneli haina bado diski yako. Inaanza na furushi dogo liitwalo initramfs, lililo kwenye /boot, lenye moduli chache za kuiwezesha kuifikia diski na mara nyingi draiva za picha ili skrini iwake mapema. Furushi hilo lina nakala yake yenyewe ya /etc/modprobe.d, iliyopigwa siku furushi lilipofungwa. Wewe umeandika agizo kwenye diski. Ndani ya furushi bado kuna nakala ya zamani isiyojua lolote. Nouveau inapakiwa humo, na diski yako inapofunguliwa mambo yameshakwisha.

Hakikisha kwa macho yako:

lsinitramfs /boot/initrd.img-$(uname -r) | grep -e nouveau -e modprobe.d

Kama nouveau.ko inaonekana na faili lako halionekani, umempata mkosaji. Lifunge furushi upya:

sudo update-initramfs -u

Hiyo ni kwa Debian, Ubuntu na ndugu zao. Wa Fedora tumieni sudo dracut --force, wa Arch sudo mkinitcpio -P. Kila ukiongeza au kufuta mstari katika /etc/modprobe.d, rudia amri hiyo. Hata pale isipohitajika haidhuru kitu.

Lakini wewe mashine inaganda, na huenda hufiki kwenye terminali. Kuna njia ya mlangoni. Shikilia Shift au bonyeza Esc inapowaka mpaka menyu ya GRUB, programu inayouwasha mfumo, itokee. Usibonyeze Enter, bonyeza e. Itafunguka kurasa ya maandishi. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi moja, uandike:

modprobe.blacklist=nouveau

Kisha Ctrl+X, au F10. Agizo hilo linafanya kazi kwa uwashaji huo mmoja tu, na hapo ndipo ninapolipendea: ukikosea, unazima unawasha, hakuna kilichobadilika. Nawasihi wote mjaribu hivi kwanza kabla ya kuandika chochote kwenye diski. Kama mashine itaganda vilevile bila nouveau, basi nouveau imesingiziwa, na mmejiokolea kazi. Kuna pia module_blacklist=nouveau, inayosomwa na keneli yenyewe badala ya modprobe; hiyo ni kali zaidi, inakataa hata moduli ikisukumwa kwa insmod, amri ya kupakia moduli moja kwa moja bila modprobe.

Kwa laptopu zenye kadi mbili, kuna kitu kingine ningekijaribu kabla ya kuifungia nouveau kabisa. Mara nyingi kinachogandisha ni nouveau inapojaribu kuizima na kuiwasha kadi ya Nvidia ili kuokoa umeme. Mahali palepale kwenye GRUB andika nouveau.runpm=0. Ikiwaka vizuri, unaweza kubaki na draiva yako na kuacha kuizuia.

Na sababu ya kukusihi ufikirie ni hii. Ukiizuia nouveau na usiweke draiva nyingine, skrini itaendeshwa na Intel, utafanya kazi zako, utafurahi. Lakini mara nyingi kadi ya Nvidia inabaki imewashwa bila mtu wa kuilaza, inakula betri na kupasha moto upande mmoja wa kibodi. Laptopu za mtumba betri zake zimeshachoka tayari. Weka kiganja chini ya mashine baada ya saa moja ya kazi nyepesi. Kama pana joto kuliko zamani, weka draiva ya Nvidia yenyewe badala ya kuiacha kadi yatima. Mwenye kompyuta ya mezani yenye Nvidia peke yake, bila Intel, awe mwangalifu zaidi: atabaki na picha kubwakubwa za ovyo mpaka draiva nyingine iwekwe.

Shikamoo Mama. Mimi ni mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa hapa Kigoma. Wanachama wanakuja na flashi zao wakitaka tuwachapie taarifa, na kompyuta za ofisi zimeshaingia virusi zamani tulipokuwa na Windows. Sasa tuna Linux Mint na tunataka flashi zisisome kabisa. Kijana aliyetusaidia aliandika blacklist usb_storage. Flashi za kawaida zimekoma, lakini kuna diski moja ya nje inaendelea kufunguka. Je, tumerogwa?
*Mhasibu, Kigoma*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kulinda fedha za watu. Hakuna uchawi. Diski hiyo ni ya kisasa, inazungumza lugha iitwayo UAS, na moduli yake ni uas. Sasa, uas haiwezi kufanya kazi peke yake, inaitegemea usb_storage. Kwa hiyo ikichomekwa, uas inatafutwa kwa utambulisho wake, hakuna aliyeikataza, na yenyewe inaivuta usb_storage kwa jina. Kama nilivyomwambia kijana wa Bagamoyo, neno blacklist halizuii moduli kuitwa kwa jina wala kuvutwa na nyingine. Chomeka diski hiyo, andika lsmod | grep usb_storage, utazame safu ya mwisho kulia: utaona uas imeandikwa pale. Safu hiyo ndiyo inayowataja wanaoitumia moduli, na mimi huisoma kabla ya kusoma kitu kingine.

Tumieni agizo la nguvu zaidi. Faili liwe /etc/modprobe.d/zuia-flashi.conf, na ndani yake:

# Flashi zimekatazwa kwa agizo la bodi. Tarehe, na jina la aliyeandika.
blacklist usb_storage
blacklist uas
install usb_storage /bin/false
install uas /bin/false

Neno install hapa halisakinishi kitu. Linaiambia modprobe: ukitakiwa kuipakia moduli hii, badala yake endesha programu hii niliyoitaja. Na /bin/false ni programu ambayo kazi yake yote ni kurudisha jibu la kushindwa. Awe anaitwa kwa namba, kwa jina, au anavutwa na mwingine, jibu ni moja. Wapo wanaoandika /bin/true. Moduli haipakiwi vilevile, ila modprobe inadhani imefaulu, na siku ya kutafuta hitilafu utapotea njia. Andikeni false, kosa lionekane. Kistari cha chini na kistari cha kati havina tofauti hapa, usb-storage na usb_storage ni kitu kimoja.

Malizieni na sudo update-initramfs -u, muwashe upya. Kibodi na panya za USB hazitaguswa, zina moduli yake nyingine, usbhid. Lakini kama kuna kompyuta ya ofisi inayowaka kutoka diski ya USB, msiiguse kwa faili hili, maana haitaweza kuifikia diski yake yenyewe.

Sasa nikwambie pale ambapo ukuta huu una tundu, kwa sababu wewe unalinda pesa na si picha za harusi. Simu. Simu nyingi za Android zikichomekwa kwa waya hazipiti usb_storage hata kidogo. Zinatumia MTP, njia ya kuhamisha mafaili kati ya simu na kompyuta, na hiyo inashughulikiwa na programu za kawaida bila moduli ya kuhifadhi. Mtu ataleta faili lake kwenye simu na litafunguka. Vilevile tundu la kadi ndogo za kumbukumbu: kwenye laptopu nyingine limeungwa kwa ndani kwa USB na litakuwa limezuiwa, kwenye nyingine limeungwa kwa PCI na linapita njia yake. Jaribuni kila tundu kwenye kila mashine, kwa mikono yenu. Ikiwa mnataka ukuta usiobagua, kuna programu iitwayo USBGuard: yenyewe inakataa kila kifaa cha USB isipokuwa vile mlivyoviandikisha. Iwekeni siku ya utulivu, na muandikishe kibodi zenu kwanza kabla ya kuiwasha.

Na yote haya yana maana tu kama nywila ya msimamizi haijabandikwa kwenye ukuta wa ofisi. Mwenye sudo anaweza kulifuta faili au kuipakia moduli kwa insmod, ambayo haisomi /etc/modprobe.d.

Bi. Fundi, salamu toka Mombasa. Mimi nasimamia seva za kampuni. Mkaguzi kanitumia orodha, ataka nizuie dccp, sctp na cramfs. Nimetazama lsmod, hata moja haimo. Mbona nizuie kitu kisichopakiwa? Naona ni kunipotezea wakati.
*Msimamizi wa seva, Mombasa*

Salamu zimefika, ndugu yangu, na kwa heshima zote nasimama na mkaguzi wako.

Kwa wasiozijua: dccp na sctp ni itifaki za mawasiliano ya mtandao, cramfs ni mfumo wa mafaili. Kutokuwemo leo si hoja. Hizi ni moduli ambazo zinaweza kuitwa na mtumiaji wa kawaida asiye na mamlaka yoyote. Programu yake ikiomba kufungua mawasiliano ya aina ya DCCP, keneli inatazama, inaona haina kipande hicho, inaiita modprobe yenyewe, kwa mamlaka yake kuu, ikipakie. Mtumiaji hakuombwa nywila. Kwa hiyo msimbo ambao huutumii, na ambao pengine watu wachache sana duniani wanautumia, unaingia ndani ya keneli yako kwa ombi la mtu yeyote mwenye akaunti, au la mwizi aliyepenya kupitia tovuti mbovu.

Februari 2017 jambo hili lilionekana wazi. Andrey Konovalov alitangaza kosa katika DCCP, lililopewa namba CVE-2017-6074, ambapo kipande kimoja cha kumbukumbu kiliachiliwa mara mbili. Mtumiaji wa kawaida aliweza kulitumia kujipatia mamlaka yote ya mashine. Kosa lilikuwa limelala humo kwa zaidi ya miaka kumi. Waliokuwa wameizuia dccp walisoma tangazo lile wakanywa chai yao. Wengine walikimbizana na masasisho usiku. Tena kwa seva yenye watumiaji wengi, hakukuwa na haja ya moduli kuonekana kwenye lsmod kabla ya shambulio.

Kwa hiyo andika blacklist na install zote mbili kwa kila moduli, kama nilivyomwandikia mhasibu wa Kigoma. Ila uliza kwanza kuhusu sctp: ikiwa kampuni yenu ina mitambo ya simu, huenda inaitumia kwelikweli, na hapo mwandikie mkaguzi sababu yako.

Ukitaka kufunga mlango wote, ipo kernel.modules_disabled. Ukiandika sudo sysctl kernel.modules_disabled=1, hakuna moduli nyingine itakayopakiwa tena, hata kwa amri yako mwenyewe, na huwezi kuirudisha sifuri mpaka uwashe mashine upya. Naipenda kwa seva ambayo kazi yake haibadiliki. Iwekwe mwisho kabisa wa uwashaji, baada ya ngome ya mtandao na VPN kusimama, kwa kuwa nazo hupakia moduli zake zinapoanza. Ukiiweka mapema utaikuta seva haina ngome.

Mama, kompyuta ya mezani inalia piii kila nikifuta herufi pasipo na kitu kwenye terminali. Mtoto mchanga analala chumba hicho hicho. Nisaidie haraka.
*Mama wa watoto watatu, Morogoro*

Pole, mwenzangu. Andika sudo modprobe -r pcspkr, kelele itakoma papo hapo. Kisha, isirudi kesho:

echo "blacklist pcspkr" | sudo tee /etc/modprobe.d/kimya.conf

Ikirudi baada ya kuwasha upya, tazama kama kuna snd_pcsp kwenye lsmod, uiongeze hiyo pia.

Kaka yangu mmoja kaniambia niandike modprobe -r kuondoa moduli fulani, ikanijibu kwamba moduli ni builtin. Nikaiandika blacklist, haikusaidia. Iko wapi sasa?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Imo ndani ya keneli yenyewe, mwanangu. Walioitengeneza keneli yako waliamua kipande hicho kisikae pembeni kama faili, wakakiunganisha moja kwa moja, kwa hiyo modprobe haihusiki nacho na haina cha kukizuia. Majina yote ya namna hiyo utayakuta kwenye /lib/modules/$(uname -r)/modules.builtin. Chunguza humo kabla ya kuhangaika na kuzuia. Kwa vipande kama hivi kuna initcall_blacklist, inayoandikwa kwenye mstari wa GRUB, lakini inataka jina la kazi ya kuanzishia iliyo ndani ya msimbo, si jina la moduli, na ukigusa isiyo yake mashine haitawaka. Kama moduli yenyewe ina chaguo lake la kuzimwa, tumia hilo. Niandikie ni moduli ipi nikuangalizie.

Bi. Fundi, nilichukua faili refu la kuzuia moduli kutoka kwa rafiki, nikaliweka lote. Sasa kompyuta haimalizi kuwaka, inakaa kwenye skrini nyeusi. Nimepoteza kazi zangu?
*Msomaji wa Tanga*

Kazi zako zipo, usilie. Faili la rafiki yako liliandikwa kwa mashine ya rafiki yako. Ndani yake bila shaka kuna draiva ambayo kwake ni adui na kwako ndiyo inayowasha skrini.

Kwenye menyu ya GRUB chagua chaguo za ziada, kisha ule mstari wenye recovery mode, uingie kwenye ukurasa wa amri wa msimamizi. Diski huenda imefunguliwa kwa kusomwa tu, kwa hiyo anza na:

mount -o remount,rw /

Halafu liondoe faili mahali pake bila kulifuta, ili baadaye tulisome:

mv /etc/modprobe.d/faili-la-rafiki.conf /root/

Weka jina halisi la faili lako, bila shaka. Kisha update-initramfs -u, ambayo hapa ni ya lazima, kwa sababu nakala ya faili hilo huenda imeshaingia kwenye furushi la kuwashia. Andika reboot.

Ikikataa hata hapo, waka kwa flashi ya Ubuntu ya majaribio, fungua diski yako kutoka humo, uliondoe faili kwa njia hiyo. Furushi nalo litafungwa upya kwa chroot, yaani kuingia kwenye mfumo wa diski yako ukiwa ndani ya ule wa flashi, na hilo nitakuelekeza hatua kwa hatua ukinijulisha diski yako imegawanywaje.

Ikishawaka, chukua faili lile na uandike lspci -k kwenye dirisha la pili. Chini ya kila kifaa utaona draiva inayotumika. Mstari wowote wa faili unaotaja draiva ambayo kifaa chako kinaitumia, ufute. Inayobaki irudishe mmojammoja, kila mmoja kwenye faili lake, juu yake ukiandika sababu baada ya alama ya #. Mstari usioweza kuuandikia sababu, usiurudishe.